Miche ya Akina Mama: Green Belt Movement Ikielekea Miaka 50

Kwa miaka mingi, mwanamke wa kijijini aliyeotesha mche katika kitalu cha Green Belt Movement alipata kama senti nne za Kimarekani. Fedha hizo hazikutoka siku ya kutia mbegu, wala siku ya kupanda. Zilitoka pale mche ulipokuwa umeshika ardhini, umeponea jua, mbuzi na mchwa, na mtu amekuja shambani kuuona kwa macho yake. Mche uliokufa haukuwa na malipo.

Senti nne ni kidogo, hata kwa hesabu za miaka ile. Hata hivyo, kanuni hiyo ndiyo iliyolitofautisha Vuguvugu hili na kampeni nyingi za miti tulizozizoea, zile za mgeni rasmi, koleo jipya na picha ya gazetini. Green Belt ilimwamini mkulima asiye na cheti kwamba anaiweza kazi ya bwana misitu, kisha ikamdai matokeo kama inavyomdai mtaalamu yeyote. Tarehe 5 Juni 2027 Vuguvugu linatimiza miaka 50, na ninachokihofia katika kumbukumbu hiyo ni kwamba tutasimulia rungu za polisi na Tuzo ya Nobeli, tuwasahau wenye vitalu. Rungu na tuzo zina nafasi yake katika historia hii. Wenye vitalu wana nafasi kubwa zaidi.

Mwanzilishi, Wangari Muta Maathai, alizaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, Nyeri. Alisomea biolojia Marekani, kwanza Kansas kisha Pittsburgh, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya udaktari Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuifikia. Fani yake ilikuwa anatomia ya mifugo. Utafiti wa kupe waenezao ndigana kali ndio uliomtoa maabara ukampeleka vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikwenda kutafuta kupe, akakuta ng'ombe waliokonda hadi mbavu zinahesabika, na mito iliyobeba udongo wa mashamba kila mvua iliponyesha. Akaanza kuona kwamba kupe si tatizo kubwa kuliko yote aliyokuwa akiyatazama.

Wakati huohuo alikuwa akihudhuria vikao vya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Wajumbe kutoka mashambani hawakuzungumza lugha ya mazingira. Walisema kuni ziko mbali. Walisema kijito cha karibu kimekauka, na anayetaka maji sharti aamke usiku. Walisema watoto wanalishwa vyakula vinavyoiva upesi kwa sababu maharagwe yanamaliza kuni. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mkoa wa Kati ilikuwa imegeuzwa kuwa ya kahawa na chai, na misituni serikali ya kikoloni, na iliyoifuata, ilikuwa imeondoa miti ya asili katika maeneo mapana ikapanda misonobari na saiprasi kwa ajili ya viwanda vya mbao na karatasi.

Wangari aliyatambua malalamiko hayo kwa sababu yalikuwa yameshamfikia kwao. Karibu na nyumbani Ihithe palikuwa na mugumo, mti mkubwa wa jamii ya mikuyu, na mama yake alikuwa amemkataza kuokota hata kijiti chini yake kwa kuwa ni mti wa Mungu. Jirani na mugumo huo palibubujika kijito alichochezea utotoni. Aliporudi kutoka masomoni aliukuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Baadaye, akiwa mwanasayansi, alieleza jinsi mizizi ya mugumo inavyopenya mwamba hadi kwenye maji ya chini na kuyapa njia ya kupanda juu, na jinsi inavyoufunga udongo wa mteremko usiporomoke. Mwiko wa wazee ulikuwa umeilinda chemchemi ile vizazi na vizazi. Ulipoondolewa mwiko, hapakuwekwa sheria mahali pake.

Jaribio lake la kwanza lilishindwa, na historia ya taasisi ikumbuke hilo pia. Katikati ya miaka ya 1970 alianzisha kampuni aliyoiita Envirocare, iliyokusudiwa kuwapa kazi wasio na ajira kwa kuotesha na kupanda miti jijini. Kitalu chake kilikuwa katika msitu wa Karura, msitu ambao miaka zaidi ya 20 baadaye angeumwagia damu yake. Fedha zikakosekana, maji yakakosekana, miche mingi ikakauka. Wazo halikukauka nayo. Mwaka 1976 alihudhuria mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi huko Vancouver, Kanada, akarudi na ari mpya, na safari hii hakulipeleka wazo kwa wateja. Alilipeleka kwa wanawake wa Baraza, watu waliokuwa na haja ya miti kwa ajili ya jiko lao wenyewe.

Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni 1977, waliandamana kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta hadi bustani ya Kamukunji. Walipanda miti saba, kila mmoja kwa heshima ya shujaa aliyetangulia, kutoka jamii mbalimbali za Kenya. Tazama miti waliyoichagua: Nandi flame wenye maua mekundu, muringa, mugumo, podo. Siku ya kwanza kabisa, kabla hapajawa na sera wala mfadhili, walishika miti ya asili ya nchi hii. Mingi kati ya hiyo saba haikudumu, maana Kamukunji ni uwanja wa watu wengi na hapakuwa na wa kuilinda, na nadhani hapo ndipo lilipopatikana somo la kwanza kuhusu tofauti ya kupanda na kukuza. Mkanda wa pili ulipandwa Naivasha mwezi Septemba mwaka huohuo, katika shamba la ushirika la wanawake, wakati Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuenea kwa jangwa.

Miche ya mwanzo ilitoka Idara ya Misitu. Wangari alipomweleza mkuu wa idara kwamba nia ni kupanda mti mmoja kwa kila Mkenya, yaani miti milioni 15 kwa idadi ya watu ya wakati ule, afisa yule alicheka akamwahidi miche yote atakayotaka, bure. Haukupita mwaka akabadili kauli: miche inachukuliwa mingi mno, sasa wailipie. Sijui sifa gani kubwa zaidi akina mama wale wangeweza kupewa na serikali.

Kama miche ni ya kununua, basi waioteshe wenyewe. Mabwana misitu wakaitwa kuwafundisha. Somo lao lilihusu mwinamo wa ardhi, mwelekeo wa miale ya jua kitaluni, kina cha tuta, uwiano wa kokoto na udongo, na vifaa ambavyo hakuna mwanamke wa kijijini aliyekuwa navyo. Kulikuwa na elimu ya kweli ndani yake, ila ilitolewa kwa namna ya kumwambia msikilizaji kwamba jambo hili si lake. Wangari aliliona hilo akawageukia wanafunzi. Ninyi mnaotia mahindi na maharagwe ardhini kila msimu yakaota, mbegu ya mti itawashindaje? Watumie akili ya mkulima na walichonacho.

Walichonacho kilitosha. Chungu kilichovunjika kiligeuka kitalu, kikawekwa mahali pa juu ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Kopo lililotobolewa matundu lilimwagilia kama mvua ndogo. Waliingia vichakani na kandokando ya mashamba kuokota mbegu chini ya miti waliyoijua tangu utoto, wakajifunza kwa macho ipi huota upesi na ipi hukawia. Kikundi kilichofanikiwa kilikifundisha cha jirani. Wangari akawapa jina ambalo limebaki hadi leo: mabwana misitu wasio na diploma. Ninalipenda jina hilo kwa kuwa halikutungwa kuwafariji. Lilieleza kazi waliyokuwa wakiifanya.

Utaratibu ulikua polepole mpaka ukawa na hatua kumi, na ni urithi unaostahili kusomwa na kila shirika la miti. Kikundi hujiandikisha. Huanzisha kitalu. Hutuma taarifa kwa fomu. Miche ikifikia kimo, hutangazia majirani, na jirani anayetaka hutakiwa kwanza kuchimba mashimo. Mwanakikundi huenda kuyaona mashimo kabla ya kutoa mche hata mmoja. Ndipo mvua za Machi au Oktoba zikianza, miche hutolewa, kisha baada ya muda hurudi mtu kuhesabu iliyoshika. Malipo huja mwisho wa mlolongo huo wote. Mwanzoni walihimiza kupanda kwa mistari ya miche isiyopungua 1,000, mikanda ya kijani kuzunguka shule, makanisa na mashamba, na jina la Vuguvugu likatokana nayo. Anayechimba shimo kabla ya kupewa mche ameshautolea jasho. Hawezi kuuacha ufe kirahisi.

Kwa miaka minne ya kwanza kazi hii ilikwenda kwa michango midogo. Mwaka 1981 Mfuko wa Hiari wa Umoja wa Mataifa kwa Wanawake ulitoa zaidi ya dola 100,000, na ndizo zilizofanya malipo ya miche yawezekane kwa upana. Wilhelm Elsrud wa Chama cha Misitu cha Norwei alifika Nairobi kutafuta wa kushirikiana naye, akamkuta Wangari, ambaye wakati huo alikuwa ameacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na nafasi yake chuoni ikawa imeshajazwa. Wangari akawa mratibu wa Vuguvugu kwa muda wote. Mwaka 1986 kwa msaada wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ulianzishwa mtandao wa Afrika nzima uliowaleta watu wa nchi nyingine kujifunza katika vitalu vya Kenya. Mwaka 1987 Green Belt ikajitenga na Baraza la Wanawake ikasimama yenyewe.

Ilihitaji kusimama, maana miaka iliyofuata ilikuwa migumu.

Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilipanga kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, katikati ya Nairobi. Wangari aliandika barua kwa kila aliyefikiri anaweza kuuzuia mradi huo. Bungeni wasemaji walisimama mmoja baada ya mwingine kuwadhihaki wanachama wake, wakiwaita kundi la wanawake walioachika. Vuguvugu likapewa saa 24 kuondoka katika ofisi zake zilizokuwa kwenye jengo la serikali. Wafanyakazi wapatao 80 wakahamia nyumbani kwa Wangari, South C, na kwa miaka kadhaa ofisi ikawa sebule, chumba cha kulala na ua. Wafadhili wa jumba walijitoa, na mwanzoni mwa mwaka 1992 uzio uliokuwa umezungushwa bustanini ukang'olewa. Mwezi uleule wa Februari akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika kona ya bustani hiyohiyo, Wangari akiwa pamoja nao. Siku chache baadaye polisi waliwavamia na kuwapiga hadi Wangari akazimia. Kona hiyo sasa inaitwa Freedom Corner.

Wapo waliouliza, na wapo wanaouliza hadi leo, shirika la kupanda miti lilitafuta nini katika mambo hayo. Jibu lilitoka katika semina za Vuguvugu lenyewe. Washiriki waliombwa kutaja matatizo yao, nao walitaja kwa saa nzima: njaa, mmomonyoko, mito iliyokauka, vijana wasio na kazi. Walipoulizwa nani kayaleta, karibu yote yaliangukia serikali. Hapo mwezeshaji alileta mfano wa msafiri aliyepanda basi lisilokwenda kwao, akawauliza kwa nini hakuuliza kabla ya kupanda. Mazungumzo yalifikia mashamba yao wenyewe waliyoyaacha bila matuta, kisha yakapanda hadi kwa wanaogawa ardhi ya umma. Mtu aliyefundishwa kukagua shimo la jirani kabla ya kumpa mche hawezi kuambiwa asikague msitu unapogawanywa.

Na ulikuwa unagawanywa. Mwaka 1998 habari zilifika Green Belt kwamba sehemu za Karura, msitu wa hifadhi tangu mwaka 1932, wenye zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, zimegawiwa kwa wajenzi wa nyumba za kifahari. Miti ilikuwa imeshaanza kuangushwa. Wanachama walianzisha kitalu mlemle msituni na kuingia mara kwa mara kupanda palipokatwa. Lango lilipolindwa walipitia kinamasi na miche mikononi. Tarehe 8 Januari 1999 walifika langoni na wabunge, wanahabari na wageni kupanda mti mmoja tu wa ishara. Kundi la wanaume wenye rungu na mapanga liliwashambulia. Wangari alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi, akatia sahihi taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani. Agosti mwaka huohuo rais alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Karura ilibaki msitu.

Imebaki msitu, ila msitu wa namna gani? Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo penye kazi kubwa zaidi ya Vuguvugu na ndipo panaposimuliwa kwa uchache.

Sehemu kubwa ya Karura, kama ilivyokuwa sehemu kubwa ya misitu ya serikali, ilikuwa imepandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni kwa ajili ya kuni za garimoshi na mbao. Na tuwe wakweli: Green Belt yenyewe katika miaka ya mwanzo ilipanda mikaratusi, miwati na grevilea kwa wingi pamoja na miti ya asili. Mwanamke aliyehitaji kuni baada ya miaka mitatu hakuweza kuambiwa asubiri podo. Mbegu za kigeni zilipatikana idarani, ziliota kwa urahisi, na nguzo zake ziliuzika. Siwalaumu. Miti ile ilipunguza safari ya kuni, na kila mzigo wa kuni uliotoka shambani ni mzigo ambao haukutoka msituni.

Lakini shamba la misonobari si msitu. Chini yake sindano hufunika ardhi, na vichaka, ndege na wadudu wa asili ni wachache. Msitu wa asili wa Aberdare au Mlima Kenya umepangwa kwa ghorofa: mikubwa juu, midogo katikati, mianzi, vichaka, kuvu na tabaka nene la majani yaliyooza. Mvua huangukia majani, hushuka taratibu, huingia ardhini, na hutoka miezi baadaye ikiwa chemchemi. Mito ya Aberdare ndiyo inayojaza bwawa la Ndakaini ambalo Nairobi hunywa, na mto Tana, unaozungusha mitambo mingi ya umeme wa Kenya, hulishwa na milima hiyo miwili. Mwaka 1999 uchunguzi wa angani ulionyesha jinsi Mlima Kenya ulivyokuwa ukiibiwa: maelfu ya miti ya muthaiti, ule ambao watu wa Usambara huuita mkulo, ilikuwa imekatwa kinyemela, na mashamba ya bangi yamefichwa msituni. Mwaka uliofuata msitu huo ukawekwa chini ya Shirika la Wanyamapori.

Vuguvugu likageuza uso. Mashambani waliendelea na miti ya matunda, malisho na kuni. Misituni wakaazimia kurudisha miti ya pale pale. Uamuzi huu ulibadilisha kazi ya kitalu kabisa. Mbegu ya muiri, ambao magome yake hutengenezewa dawa ya tezi dume na ambao biashara yake imedhibitiwa kimataifa tangu 1995, haihifadhiki. Sharti ioteshwe ikiwa mbichi, la sivyo hufa. Podo hukawia kuota, na kitalu kisicho na subira huikatia tamaa. Mukinduri huota bila shida. Baadhi ya miti ni rahisi zaidi kuipata ikiwa michipukizi iliyojiotea chini ya mama yao msituni, ikang'olewa kwa uangalifu wakati wa mvua na kulelewa kivulini. Ni lazima ujue mti mama uko wapi, unazaa mwezi gani, na nani hula matunda yake kabla yako.

Kupanda nako kuna mpangilio. Palipoungua au kulimwa hapapokei muthaiti papo hapo, maana mti huo hupenda kuanza maisha chini ya wengine. Hutangulizwa ile inayovumilia jua, kama mukeu, ifanye kivuli, kisha ije ya polepole. Nyasi hufyekwa kuzunguka kila mche kwa misimu kadhaa, maana nyasi za nyanda za juu huumeza mche wa futi moja ukapotea. Ng'ombe hurudi. Ndovu hupita. Moto wa Februari unaweza kufuta kazi ya miaka mitatu kwa alasiri moja. Watu wanaofanya ufyekaji huo ni walewale wa vikundi vya kando ya msitu, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya jasho lao ni la kujitolea.

Wangari alichaguliwa mbunge wa Tetu mwaka 2002 kwa asilimia 98 ya kura, na mwaka uliofuata akawa naibu waziri wa mazingira. Tangu zamani aliupinga mfumo wa shamba, ambao mkulima huruhusiwa kulima mahindi na viazi kati ya mistari ya miche ya mbao ndani ya hifadhi. Alisema unafuta msitu wa asili kwa jina la kupanda miti. Maskini wa kando ya msitu waliupenda kwa kuwa uliwapa ardhi, na sidhani kwamba mgogoro huo umepata jibu la haki hadi sasa. Sheria ya Misitu ya 2005 ilifungua mlango mwingine: jamii ziliruhusiwa kuunda vyama na kusimamia msitu pamoja na serikali. Vikundi vilivyozoea fomu na ukaguzi wa Green Belt vilikuwa tayari.

Tarehe 8 Oktoba 2004 habari za kushinda Tuzo ya Nobeli zilimkuta Nyeri. Alipiga magoti katika bustani ya hoteli inayoutazama Mlima Kenya akapanda Nandi flame. Wakati huo Vuguvugu lilihesabiwa kuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30. Hesabu yake ya baadaye imepita milioni 51. Mwaka 2006 mambo mawili yalifuata, na ninayapima tofauti. La kwanza ni Kampeni ya Miti Bilioni Moja, aliyoiasisi pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Ilivuka lengo mara nyingi, ikataja miti zaidi ya bilioni 12 kufikia 2011. Iliwaamsha watu wa dunia nzima, na kwa hilo ninaiheshimu; ila ilihesabu iliyotangazwa kupandwa, na hakuna aliyeweza kwenda kuiona yote.

La pili lilisikika kidogo zaidi. Benki ya Dunia, kupitia mfuko wake wa kaboni, ilikubali kununua hewa ukaa itakayohifadhiwa na miti ya asili ambayo vikundi vya Green Belt vingepanda katika takriban hekta 2,000 za Aberdare na Mlima Kenya. Malipo yangetegemea miti iliyothibitishwa kuwa hai. Wataalamu wa kaboni walikuja na vipimo na satelaiti, lakini kanuni waliyoileta wanawake wa vitalu walikuwa wameshaizoea kwa karibu miaka 30: mche hulipwa ukishika. Ugumu ulikuwa kwamba fedha za kaboni huja mwishoni, na mwenye jembe anahitaji kula leo. Mradi kama huo hauwezi kusimama bila watu wenye tabia ya kujitolea iliyojengeka tayari.

Profesa Wangari alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameagiza kwamba usikatwe mti kwa ajili ya jeneza lake; likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Mazishi ya kitaifa yalifanyika Freedom Corner tarehe 8 Oktoba, miaka saba kamili tangu ile siku ya Nobeli. Kazi haikusimama. Mafunzo, vitalu na ufyekaji viliendelea, na sauti ya Vuguvugu dhidi ya kunyakuliwa kwa misitu haikunyamaza.

Karura nayo ilipata walezi wake. Mwaka 2011 msitu ulifunguliwa upya kwa umma chini ya Huduma ya Misitu na chama cha wakazi, Marafiki wa Msitu wa Karura. Walizungusha uzio wa umeme. Waliwaajiri vijana wa Huruma, mtaa wa mabanda ulio ukingoni, kuwa walinzi. Wameendelea kung'oa lantana na kupunguza mikaratusi sehemu kwa sehemu, wakiingiza muringa, muiri, mukinduri na wenzao. Kuanzia 2014 mbega weusi kwa weupe walirejeshwa kutoka eneo la Kipipiri, na hao ni wanyama wa vilele vya miti ambao hawawezi kukaa pasipo mwavuli wa majani. Leo familia huingia Jumapili na vikapu vya chakula mahali ambapo mwaka 1999 palikuwa na mapanga.

Katiba ya 2010 imeitaka nchi ifikie na kudumisha miti katika angalau asilimia kumi ya ardhi. Serikali zilizofuata zimetangaza malengo ya mabilioni. Ninaomba kitu kimoja kiambatane na kila tangazo: tarehe ya kurudi kuhesabu, na orodha ya miti ya asili ya mahali hapo.

Na kwa maadhimisho ya 2027 nina ombi jingine, la haraka zaidi. Waliokuwa akina mama wa miaka 30 siku ya Kamukunji sasa wanakaribia miaka 80. Wanajua ni mti gani mama ulitoa mbegu za podo zilizosimama leo ukingoni mwa Aberdare, mwaka gani moto ulipita, kikundi gani kilivunjika na kwa nini. Fomu walizojaza kila mwezi, kwa penseli na mara nyingine kwa mkono wa mtoto aliyejua kuandika, ni kumbukumbu za misitu ambazo idara yoyote ingejivunia kuwa nazo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Wangari Maathai ya Amani na Mazingira. Wanafunzi wake na watumwe vijijini na vinasa sauti msimu huu, kabla ya mvua za Machi, maana mvua zikianza akina mama hao hawapatikani nyumbani, watakuwa vitaluni.